Kutu Inayosafisha Maji na Sumaku Inayoitoa

Hakuna askari asiyeijua kutu. Tangu siku za mwanzo za mafunzo hufundishwa kuipangusa bunduki yake na kuipaka mafuta, na ole wake yule ambaye siku ya ukaguzi kidole cha mkubwa wake kitatoka na wekundu kwenye mtutu. Mama nyumbani naye aijua vyema. Ndoo ikianza kushika kutu chini, humwaga maji yaliyomo, akaisugua kwa mchanga, na mwisho akaishusha daraja: ndoo ya kunywea huwa ndoo ya kufulia.

Basi msomaji atashangaa akisikia kwamba katika mji wa Houston, huko Texas nchini Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rice waliitengeneza kutu kwa makusudi, wakaisaga, kwa kusema hivyo, hata isionekane kwa jicho wala kwa darubini ya kawaida, kisha wakaitia ndani ya maji ambayo yangeweza kunywewa na binadamu. Hawakuwa wamepotewa na akili. Walikuwa wanatafuta dawa ya sumu iliyomo katika visima vya mamilioni ya watu. Lakini mara walipoitia waligongana na swali ambalo mama yeyote angewauliza: mkishaitia, mtaitoaje? Habari ya makala haya ni namna walivyoitoa.

VISIMA VYA BANGLADESH

Ili kulielewa jambo hili yatupasa tuanzie mbali na Houston, katika nchi ya Bangladesh. Hiyo ni nchi ya mito na mafuriko, ambako zamani watu wengi walichota maji ya kunywa katika madimbwi na mito. Watoto walikufa kwa kuhara na kipindupindu. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya nchi hiyo, ikisaidiwa na UNICEF na mashirika mengine, iliwahimiza watu waache maji ya juu na kunywa ya chini ya ardhi. Mabomba membamba yalichimbiwa ardhini, yakafungwa pampu za mkono juu yake. Kazi ilikuwa rahisi na gharama ndogo, hata familia nyingi zikachimba visima vyao wenyewe uani. Visima hivyo vikahesabiwa kwa mamilioni. Maji yake yalikuwa meupe na ya baridi, hayana wadudu wa kipindupindu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyashuku.

Lakini ndani yake mlikuwa na arseniki. Sumu hii haina rangi, haina ladha, haina harufu. Haimwui mtu kwa siku moja kama katika hadithi za wafalme waliotiliwa sumu katika kikombe. Huingia kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Kwanza ngozi hupata madoa, mengine meusi, mengine meupe, mfano wa matone ya mvua juu ya vumbi. Kisha viganja na nyayo huwa vigumu na kuota vinundu. Baada ya miaka mingi huweza kufuata saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. Mwaka 1983 daktari wa ngozi K. C. Saha wa Calcutta, katika jimbo la Bengal Magharibi upande wa India, aliwatambua wagonjwa wa namna hiyo. Upande wa Bangladesh arseniki ilithibitishwa visimani mwaka 1993, katika wilaya ya Nawabganj. Mwaka 2000 taarifa iliyotolewa katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba kati ya watu milioni 125 wa nchi hiyo, milioni 35 hadi milioni 77 walikuwa katika hatari ya kunywa maji hayo, na ikaeleza kuwa hakuna mkasa mkubwa zaidi wa kulishwa sumu uliowahi kuwapata watu wa nchi moja.

Ndipo wakaguzi walipotumwa vijijini na vifaa vya kupimia na makopo ya rangi. Visima kiasi cha milioni 5 vilipimwa. Kisima kilichofaa mdomo wa pampu ulipakwa rangi ya kijani, kilichozidi kiwango cha nchi hiyo ukapakwa nyekundu, na vilivyopata nyekundu vilikaribia milioni 1.4. Ebu fikiri, ndugu msomaji, hali ya mwenye nyumba aliyechimba kisima kwa fedha zake, akawanywesha wanawe kwa miaka 15 akijisifu kuwa amewaepusha na kuhara, kisha siku moja akatokea mgeni na kupaka pampu yake nyekundu. Wasichana waliopata madoa ya ngozi walikosa wachumba, kwa kuwa majirani walidhani ni maradhi ya kuambukiza, nayo si ya kuambukiza hata kidogo.

Hapa inafaa kusema jambo moja kwa akina mama, kwani kosa hili ni rahisi kufanyika. Kuchemsha maji huua vijidudu, na ni desturi njema isiyopaswa kuachwa. Lakini arseniki si kijidudu. Ukiyachemsha maji yenye sumu hii, maji hupungua kwa mvuke na sumu hubaki yote, kwa hiyo kila kikombe huwa na sumu nyingi zaidi kuliko kabla ya kuchemshwa. Wala tusidhani kuwa ni mambo ya Asia peke yake. Katika maeneo ya migodi ya dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria, nchini Tanzania, wachunguzi wamepima maji ya baadhi ya visima na vijito wakakuta arseniki iliyozidi kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni maikrogramu 10 katika lita moja. Bangladesh yenyewe ilibaki na kipimo cha maikrogramu 50.

KUTU ILIYOSHIKA SUMU

Sumu hiyo haikutiwa na adui wala na kiwanda. Imetoka milimani. Mito iliyoshuka kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka ilileta mchanga na matope, na kila chembe ya mchanga ilikuwa imevishwa utando mwembamba wa kutu. Arseniki hupenda kushikamana na kutu, na kwa hiyo ilisafiri ikiwa imeshikwa imara, haimdhuru mtu. Shida ilizuka chini ya ardhi. Huko matope yalifukiwa pamoja na majani na mimea iliyooza, hewa ikaisha, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa vikaitumia ile kutu katika kujipatia uhai. Kutu ikayeyuka. Arseniki ikakosa pa kushika, ikaingia majini. Bomba la kisima likafika hapo hapo.

Watu wa vijijini waliona upande mmoja wa jambo hili kabla ya wataalamu kulieleza. Maji yaliyopigwa usiku kutoka visima vingi huonekana safi, lakini yakilala ndooni hadi asubuhi huacha tope jekundu chini. Ni chuma kilichokutana na hewa na kurudi kuwa kutu, na katika kushuka hukokota sehemu ya arseniki. Ni sehemu tu, haitoshi, lakini yaonyesha njia. Kama kutu ndiyo iliyoiachia sumu, kutu yaweza pia kuikamata tena.

Basi kwa nini isitiwe kutu ya kawaida, ile ya misumari? Jibu limo katika hesabu ya uso wa chembe. Arseniki hunata juu ya uso tu, haiingii ndani. Chukua gramu moja ya magnetaiti, aina nyeusi ya kutu ambayo huvutwa na sumaku. Ikiwa ni punje za milimita moja, nyuso zote za punje hizo zikijumlishwa hazifiki hata nusu ya kiganja cha mkono. Gramu hiyo hiyo ikigawanywa hadi chembe za nanomita 12, nyuso zake hufikia karibu mita za mraba 100, yaani sakafu ya nyumba nzima ya familia. Nanomita ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Chembe za nanomita 12 zikipangwa mstari mmoja kama askari gwarideni, zaidi ya 6,000 zingeenea katika unene wa unywele mmoja.

Hapo ndipo faida ilipogeuka kuwa tatizo.

CHEMBE ISIYOZAMA

Tope la kawaida ukiliacha hutulia. Mchanga huzama kwa dakika, udongo kwa saa kadhaa au siku. Lakini chembe ya nanomita 12, ijapokuwa ni ya chuma na uzito wake ni mara tano ya maji ya ukubwa huo huo, haina haraka. Kwa hesabu ya fizikia ingeshuka kama sentimita moja kwa mwaka. Ndoo yenye kina cha sentimita 30 ingehitaji miaka 30, na askari aliyeiweka angekuwa amestaafu. Na hata hiyo ni hesabu ya karatasini tu, kwa maana maji hayatulii kamwe. Molekuli zake hugongana daima na kuzirusha chembe hizo huku na huku, juu na chini, hata zisizame kabisa. Kitambaa cha kuchujia hakizizuii, wala chujio la mchanga haliaminiki kuzikamata zote. Mtu angekuwa ameondoa hatari moja kwa kuwanywesha watu kitu kingine wasichokiomba. Na Bangladesh ilikuwa imekwisha kulipa gharama ya dawa iliyotiwa haraka kabla ya kuulizwa maswali yote.

Kilichobaki ni sumaku. Ni nani kati yetu ambaye utotoni hakuwahi kuvunja redio mbovu, akachomoa sumaku ya spika, akaiburuta mchangani hadi ikaota ndevu nyeusi? Ndevu zile ni magnetaiti. Lakini kilichowezekana kwa punje ya mchanga hakikutarajiwa kuwezekana kwa chembe ndogo namna hii. Nguvu ya sumaku juu ya chembe hutegemea ujazo wake. Upunguze upana wa chembe mara kumi, nguvu hupungua mara elfu. Kwa hiyo iliaminika kwamba kuzikamata chembe za nanomita 12 kungehitaji mitambo mikubwa yenye kula umeme mwingi, ambayo haina maana yoyote katika kijiji kisicho na umeme.

Hapa tueleze kidogo jinsi sumaku inavyovuta, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa nusu tu. Mahali pote panapofikiwa na nguvu ya sumaku huitwa uga wa sumaku. Kama uga huo ni sawa kila mahali, chembe ya chuma hugeuka ikaelekea upande mmoja, lakini haivutwi kwenda popote. Huvutwa pale tu ambapo uga ni mkali upande mmoja na hafifu upande wa pili. Ni kama maji ya mfereji. Hayaendi kwa sababu mfereji uko juu ya mlima, huenda kwa sababu una mteremko. Wahandisi waliijua siri hiyo zamani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, viwanda vya udongo mweupe wa kaolini, udongo utumiwao katika karatasi na vyombo vya kaure, vilianza huko Marekani kuupitisha udongo uliokorogwa na maji ndani ya chombo kilichojazwa nyuzi nyembamba za chuma, mfano wa zile za kusugulia sufuria. Chombo kizima huwekwa ndani ya sumaku kubwa ya umeme. Karibu na kila uzi uga hubadilika ghafla katika nafasi ndogo sana, mteremko huwa mkali, na uchafu wenye chuma hunata hapo. Umeme ukizimwa, nyuzi huachia, na uchafu huoshwa kwa maji.

Wale wa Rice walianza kwa njia hiyo hiyo ya nyuzi. Profesa Vicki Colvin na wenzake, akiwemo Cafer Yavuz aliyekuwa bado mwanafunzi wake, walitengeneza chembe zenye ukubwa ulio sawa, maana chembe zisizolingana ni kama kikosi ambacho wengine hukimbia na wengine hutambaa, huwezi kujua nani amefanya nini. Kisha wakapunguza nguvu ya sumaku hatua kwa hatua, wakingoja kuona ni wapi chembe zitakapoponyoka. Hazikuponyoka pale zilipotazamiwa. Chembe za nanomita 12 zilikamatwa hata na uga hafifu, usiozidi ule wa sumaku ya kushikwa mkononi. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Novemba mwaka 2006.

Sababu yake ni kwamba chembe hazikwenda kila moja peke yake. Uga ulipoziamsha, kila chembe iligeuka sumaku ndogo, ikamvuta jirani yake, na jirani akamvuta mwingine, zikawa kundi. Kundi ni kubwa, na kitu kikubwa huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko jumla ya molekuli za maji zinavyoweza kukipiga kumbo. Tena, uga ukiondolewa, chembe hizo husahau usumaku wao mara moja, kwani ni ndogo mno kuutunza, na zaweza kutawanyika tena majini. Msumari uliosuguliwa na sumaku hubaki na usumaku kiasi. Chembe hizi hazibaki nao. Jambo jingine lililowafurahisha ni kwamba walipochanganya chembe za nanomita 4 na za nanomita 12, waliweza kuzitenga: uga hafifu ulizichukua kubwa, uga mkali zaidi ukazichukua ndogo.

Mtu anaweza kuuliza kama jambo hili ni jipya kweli, maana mwaka 1963 Steve Papell wa shirika la NASA la Marekani alikwisha kutengeneza kimiminiko cheusi kinachovutwa na sumaku, kwa kusaga magnetaiti ndani ya mafuta ya taa pamoja na asidi ya mafuta. Tofauti ni kusudi. Papell alitaka chembe zisitengane na mafuta hata kidogo, ili sumaku ivute kimiminiko chote, apate njia ya kuongoza mafuta ya roketi mahali pasipo na uzito. Huku maji yalitakiwa yabaki na chembe ziondoke.

JIKO LA HOUSTON

Gharama ilikuwa kikwazo kingine, kwani kemikali safi za maabara ni ghali. Kwa hiyo watu hao hao walijaribu kutengeneza chembe zao kwa vitu vya nyumbani, na mwaka 2010 wakaeleza njia yenyewe: kutu, mafuta ya kula, siki, na kostiki ya kuzibulia mabomba, vyote vikipikwa juu ya jiko la kawaida. Gharama ilishuka sana. Lakini nawasihi akina mama na vijana wenye kupenda majaribio wasiifuate habari hii jikoni mwao. Kostiki hubabua ngozi na kupofusha macho, na chembe zilizopikwa bila vipimo hazijulikani ukubwa wake wala zimebaki kiasi gani ndani ya maji.

Na kwa kuwa nimetaja sumaku za mkononi, kuna onyo jingine kwa wenye watoto wadogo. Sumaku za siku hizi za neodimi, zilizoanza kuuzwa katika miaka ya 1980, zina nguvu kupita zile za spika za zamani, na nyingine ni ndogo kama punje ya mahindi. Mtoto akimeza mbili, hutafutana tumboni na kuubana utumbo katikati yake hata ukatoboka. Mtoto huyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama halalamiki.

Mpaka sasa kisima cha Bangladesh hakijaokolewa na sumaku. Yapo mambo yanayoizuia kutu isifanye kazi kama ifanyavyo maabarani. Maji ya visimani yana fosfeti na silika, ambazo nazo hupenda kunata juu ya kutu na kuinyang'anya arseniki nafasi yake. Kuna chembe chache zinazoponyoka sumaku, na zinapaswa kupimwa, si kukisiwa, kwa maana jicho la mtumiaji haliwezi kuziona. Kwa hiyo watu wameendelea na njia nyingine. Wengine hutembea hadi pampu ya kijani ya jirani. Wengine wamechimba visima virefu vya zaidi ya mita 150, ambavyo kwa kawaida hupita chini ya tabaka lenye sumu. Wengine hutumia chujio lililobuniwa na Abul Hussam, mzaliwa wa Kushtia huko huko Bangladesh na profesa wa kemia Marekani, ambaye mwaka 2007 alipewa tuzo ya dola milioni moja. Chujio lake ni ndoo zenye mchanga, mkaa, vipande vya matofali, na katikati yake chuma. Chuma hicho hushika kutu polepole, na kutu hushika arseniki. Ni kanuni ile ile, ila vipande vyake ni vikubwa, havitoki ndooni, na havihitaji sumaku.

Mwandishi huyu akiulizwa angechagua ipi kwa nyumba yake leo, atajibu bila kusita kuwa angechagua ndoo za Hussam. Lakini ndoo hizo huhitaji kungoja, na chuma kingi. Gramu chache za kutu ya nanomita zaweza kufanya kazi ya chuma kizito, na kwa muda mfupi, pindi yale ya kuponyoka yatakapomalizwa.

Limebaki swali moja ambalo wataalamu na wakaguzi wa vijijini hulizungumza kwa sauti ya chini. Sumaku ikiwekwa ubavuni mwa chombo, weusi hujikusanya upande huo, na maji hubaki meupe yakamiminwa. Ndani ya chombo husalia kijiko kimoja cha tope jeusi. Katika tope hilo imo arseniki yote iliyokuwa katika mtungi mzima, haikupungua wala haikufa, kwa kuwa sumu hii haiozi. Ikimwagwa bustanini yaweza kurudi kisimani. Wako waliopendekeza ichanganywe na saruji na kufyatuliwa matofali, ili ifungwe humo. Lakini hiyo huhitaji mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na chombo chenye kifuniko, akikusanya vijiko vya tope, na katika vijiji vingi mtu huyo bado hajaajiriwa.